Viti vya Safu ya Nyuma

(Maneno haya yalisemwa mbele ya vijana na wazazi baada ya tarawehe. Yameandikwa hapa karibu vile vile yalivyosemwa, ili na yule aliyekuwa jikoni au kazini usiku ule ayapate.)



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.T.) aliyetufikisha tena kwenye mwezi huu mtukufu, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na maswahaba zake. Ama baad.

Ndugu yangu katika imani, nakuomba jambo moja dogo. Ukienda msikitini kwa swala ijayo, ukishatoa salamu, geuka uangalie nyuma. Hesabu viti. Vile vya plastiki, na vile vya chuma vya kukunja vilivyopangwa ukutani. Mimi nakumbuka nilipokuwa mtoto wa chuoni, msikiti wetu ulikuwa na kiti kimoja tu, na kila mtu alijua ni cha nani: mzee mmoja aliyevunjika nyonga. Leo ni safu nzima. Na wanaovikalia si wazee peke yao. Wako watu wa miaka arubaini na kitu, wenye kazi zao, wanaoshuka kwenye magari yao wenyewe pale mlangoni.

Nisieleweke vibaya. Mgonjwa ana ruhusa yake. Asiyeweza kusimama aswali kwa kukaa, na asiyeweza kukaa aswali kwa ubavu, ndivyo tulivyofundishwa. Wala usimkodolee macho ndugu yako ukaanza kumpimia maradhi. Hujui goti lake lina nini. Swali langu ni jengine. Ni kwa nini magoti yetu yanachoka mapema hivi?

Nauliza kwa sababu nami nilikaribia. Miaka michache nyuma nilikuwa kwenye darsa, tumekaa mkekani kama saa nzima. Darsa ilipokwisha nikataka kuinuka. Miguu imekufa ganzi, goti lalia kama mlango mbovu, nikashika bega la jirani yangu ndipo nikasimama. Na huyo jirani mwenyewe alikuwa mzee wa miaka sabini na zaidi, fundi wa majahazi maisha yake yote. Yeye aliinuka bila kushika kitu. Akanitazama, akacheka, akaniuliza, "Kijana, wewe wafanya kazi gani?" Nikamwambia niko ofisini. Akasema, "Aah." Basi, hakuongeza neno. Hiyo "aah" yake nilirudi nayo mpaka nyumbani.

Sasa mtu akisikia habari kama hii husema dawa ni mazoezi, nenda jim. Sina ugomvi na jim. Lakini jim ina ada, ina saa zake, na wengi wetu mwezi wa kwanza tunalipa, wa pili hatuonekani. Isitoshe, yule mzee hajapata kuingia jim hata siku moja. Kilichomuweka vile ni mwendo uliokuwa ndani ya kazi yake na ndani ya nyumba yake. Huo ndio ninaotaka tuuzungumze.

Zikumbuke nyumba zetu za zamani, au muulize nyanya yako akusimulie. Maji yalitekwa kisimani, ndoo ikavutwa kwa kamba. Nazi ilikunwa juu ya mbuzi, na mbuzi hukaliwa chini karibu na sakafu. Viungo vilitwangwa kinuni. Nguo zilifuliwa kwa mikono karaini. Chakula kililiwa mkekani, watu wamelizunguka sinia. Choo kilikuwa cha kuchutama. Kutwa mtu alikuwa akiinama, akichutama, akiinuka, akinyoosha mkono, wala hakuna aliyeyaita hayo mazoezi. Kisha tukaviondoa kimoja kimoja. Likaja bomba, ikaja blenda, ikaja mashine ya kufulia, meza na viti, choo cha kukalia, rimoti. Kila kimoja ni neema, na mimi sikwambii urudi kisimani. Lakini hakuna siku tuliyokaa tukajiuliza, hivi vyote vikishaondoka, mwili utabakishwa na kazi gani?

Na hapa niseme ukweli kwa wanaume wenzangu, maana sisi ni hodari wa kusifu ya zamani. Kile kisima na kile kinu vilikuwa mgongoni mwa mama zetu na dada zetu, na walikuwa wakichoka. Anayesema "wanawake wa zamani walikuwa na afya" huku amenyoosha miguu akingoja aletewe chai, huyo hataki afya, ataka mtumishi. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Imepokewa pia kwamba akishona nguo yake na akitengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Kwa hivyo tukiurudisha mwendo nyumbani, mwenye kitambi ndiye aanze. Ufagio uko pale nyuma ya mlango.

Labda utaniambia haya ni masimulizi tu ya wazee. Haya, twende London.

Mwaka 1953 daktari mmoja aitwaye Jeremy Morris na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la Lancet kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya gorofa mbili, na kila basi lilikuwa na dereva na makanga. Watu wa mji mmoja, hali zao za maisha karibu sawa, basi lao moja. Tofauti ni kwamba dereva amekaa kutwa, na makanga ashinda akipanda na kushuka kukata tikiti, ngazi 500 hadi 750 kwa siku moja ya kazi. Ikaonekana makanga walipata maradhi ya moyo kidogo kuliko madereva, na waliopatwa, yaliwajia wakiwa na umri mkubwa zaidi na hayakuwa na ukali ule. Waliangalia pia wafanyakazi wa posta, wale wanaotembeza barua na wale wanaokaa kwenye meza. Picha ikawa ile ile.

Morris hakuwa mtu wa kukimbilia kujisifu. Mwaka 1956 alirudi akaangalia vipimo vya sare za wale watu, akakuta madereva walikuwa wakishonewa suruali za kiuno kipana tangu wanaanza kazi. Kwa hivyo alikubali kwamba si ngazi peke yake, pengine wanene walipenda kuwa madereva. Lakini tafiti nyingi zilizofuata, nchi nyingi, zimezidi kuonyesha kwamba kukaa kutwa bila mwendo kunaumiza moyo. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99. Ajali iko mkononi mwa Allah, silisemi hilo kama ushahidi, lakini nililisoma nikatabasamu.

Rafiki yangu wa bodaboda, na wewe wa tuktuk, na wewe wa dukani uliyekalia kigoda nyuma ya kaunta tangu asubuhi: wewe ndiye dereva wa London. Na mimi wa ofisini vile vile. Na tusidhani haya ni maradhi ya Wazungu. Utafiti mkubwa wa afya wa hapa Kenya ulionyesha mwaka 2008-09 kwamba mwanamke mmoja katika kila wanne wa umri wa kuzaa alikuwa na uzito uliozidi. Mwaka 2014 ikawa mmoja katika kila watatu, na ule wa 2022 ukaonyesha hesabu imezidi kupanda. Wanaume tusicheke. Vitambi vyetu vyaonekana bila kupimwa.

Sasa mtu aweza kuuliza, je, kupumzika ni makosa? Hapana. Kule Tanzania, karibu na Ziwa Eyasi, wako Wahadza, watu wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali. Watafiti waliwafunga vifaa vidogo vya kupimia mwendo, na matokeo yakatoka mwaka 2020. Wahadza wanapumzika karibu saa 10 kwa siku, muda kama wa watu wa nchi tajiri! Lakini hawapumziki kitini. Wanachutama, wanapiga magoti, wanakaa chini. Na mtu aliyechutama, misuli ya miguu yake haijalala, inafanya kazi kidogo kidogo. Kiti ndicho kinachotuambia, wewe lala, nitakubeba mimi.

Na uwezo wa kwenda chini na kurudi juu si jambo dogo. Madaktari wa Brazil waliwapima watu 2,002 wa umri wa miaka 51 hadi 80. Kila mmoja aliambiwa akae chini sakafuni kisha ainuke. Alama ni 10, tano za kushuka na tano za kuinuka, na kila unapoegemea mkono au goti unakatwa moja. Wakawafuata kwa miaka kama 6, na mwaka 2012 wakatangaza: waliopata alama za chini kabisa, 3 kushuka, walifariki kwa wingi mara tano na zaidi kuliko waliopata 8 kwenda juu. Sisemi kwamba kuinuka sakafuni ndiko kunakorefusha umri. Ni alama tu, kama ile sindano ya mafuta kwenye gari, yakuonyesha kimebaki nini ndani. Jijaribu leo nyumbani, lakini pawe na mtu karibu, usije ukaanguka ukanilaumu.

Ukifika hapo ndipo unaona tulichopewa. Rakaa za faradhi ni 17 kwa siku, maana yake sijda 34. Tuko Ramadhan. Anayeswali tarawehe rakaa 20 na witri 3 anaongeza sijda 46. Jumla 80, bila kuhesabu sunna. Wa rakaa 8 naye anafika 56, na leo tusigombane. Swala ni ibada, haikuletwa kuwa mazoezi, na anayeswali ili apunguze tumbo asahihishe nia kwanza. Lakini mwili unaoshuka na kuinuka hivyo tangu utotoni, kila siku ya Mungu, haukufanywa kuwa wa kuogopa sakafu. Naona tatizo letu ni kwamba ndani ya swala tunashuka, na nje ya swala hatushuki kabisa. Ofisini kiti, garini kiti, nyumbani sofa. Halafu goti likiuma wiki moja, mtu huvuta kile kiti cha plastiki. Goti likapona, yeye asitoke tena kitini. Miaka miwili baadaye hawezi kweli.

Sasa tuje kwenye mwezi wenyewe. Twafunga mchana, magharibi twafungua kwa tende na maji kama ilivyo sunna, na baada ya hapo sunna inaisha, sambusa zinaanza. Viazi karai, kaimati, mahamri na mbaazi, juisi ya ukwaju yenye sukari ya kutosha mtaa mzima. Kisha mtu anajitupa kwenye sofa kama gunia. Hii ndiyo saa mbaya kuliko zote ya kulala, kwa sababu sukari yote ile inaingia damuni na misuli, ambayo ndiyo ingeichota na kuitumia, imelala nayo. Kutembea kidogo baada ya kula, hata robo saa, hupunguza kule kupanda kwa sukari. Na tazama rehma ilivyo: saa hiyo hiyo ndiyo ya kwenda isha na tarawehe.

Na sisi twaenda vipi? Kwa gari! Wallahi, mtu aishi mwendo wa dakika 5, atawasha gari, atalizuia la mwenzake, na imamu yuko katika rakaa ya mwisho nje kuna honi. Kila Ramadhan ugomvi wa maegesho nje ya misikiti yetu ni ule ule. Asubuhi yake ampigia simu wa tuktuk amtoe Kibokoni ampeleke Marikiti, safari ambayo kwa miguu angefika kabla tuktuk haijapata nafasi ya kugeuka.

Banu Salima walikuwa watu wa Madina, nyumba zao zilikuwa mbali na msikiti wa Mtume (S.A.W.). Wakataka kuhama wasogee karibu. Mtume (S.A.W.) akawaambia wabaki pale pale kwao, kwa sababu nyayo zao zinaandikwa. Fikiria, watu wanataka kupunguza mwendo kwa ajili ya swala, wanaambiwa mwendo wenyewe ni hazina yenu. Tena tumefundishwa kwamba mwenye kutia udhu nyumbani kisha akaenda msikitini kwa ajili ya swala, kila hatua yamuinua daraja na yamfutia kosa.

Fanya hesabu nami. Dakika 5 kwenda, 5 kurudi, swala tano: dakika 50 kwa siku. Ukiweza swala tatu tu kwa sababu ya kazi, ni 30 kwa siku, 210 kwa wiki. Shirika la Afya Duniani katika mwongozo wake wa 2020 linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa kumpandisha pumzi kidogo. Zamani walikuwa wakisema mwendo usiofika dakika 10 mfululizo haufai kuhesabiwa. Wameliacha hilo. Vile vidakika vitano vitano vyako vinahesabika, mradi usitembee kama mtu anayehesabu mawe ya barabarani.

Mwenye sukari, mwenye presha, mama mjamzito, hawa wazungumze na daktari wao kuhusu saumu na kuhusu mwendo. Na kijana usije ukaenda kukimbia alasiri jua kali, koo limekauka, ukaanguka. Kutembea kunatosha. Maji yanywe usiku mpaka daku.

Dada zetu wana la kusema hapa na ni haki yao. Wataniambia: sawa, wewe watembea hadi msikitini, mimi nitembee wapi? Nikipita barazani kwenu nakodolewa macho na kutupiwa maneno. Kweli. Kijana unayekaa maskani, kabla ya kumhimiza dada yako afanye mazoezi, mpishe apite kwa amani. Na waume, mnajua kwamba Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na mkewe? Walikuwa safarini, wakakimbia, Bibi Aisha (R.A.) akamshinda. Miaka ikapita, akanenepa kidogo, wakashindana tena, na mara hii Mtume (S.A.W.) akashinda, akamtania kwamba ile ya kwanza imelipwa. Sisi twawapeleka wake zetu Laithausi kupunga upepo, tunaegesha gari, tunateremsha vioo, twala mihogo humo humo ndani mpaka saa ya kurudi. Bahari iko pale mbele! Shukeni mtembee pamoja.

Watoto sina mengi. Wanaoishi gorofani hawana uwanja, na simu ni yaya wa bei rahisi. Lakini kati, kibe, bano na kuruka kamba bado havijapigwa marufuku, na alfajiri baada ya swala barabara nyingi ziko tupu. Mtoto anataka saa moja ya kuchezacheza kila siku. Mtume kwa miguu akuletee chumvi. Mchukue kwa mkono mwende naye msikitini, hata akikuchelewesha.

Yule mzee wa "aah" alifariki mwaka jana, Allah amrehemu na aifanye pana kaburi yake. Kutoka msikitini hadi makaburini hapafiki kilomita moja, tukasema jeneza litabebwa mabegani kama alivyobeba yeye wengine. Niliona kwa macho yangu vijana wenye vifua, vijana wa picha za simu, wakipokezana bega baada ya hatua chache huku wakihema. Wengine walirudi nyuma kutafuta gari. Waliotufikisha ni wachukuzi wawili wa sokoni na mwalimu mmoja wa madrasa anayetembea kwa miguu kila siku kwa sababu hana nauli. Mimi nilibeba kidogo. Ningependa kusema nilibeba sana.

Nina ombi moja la nyumbani na moja la usiku huu. La nyumbani ni mkeka. Mwezi huu wengi tunafuturu chini, jamvi limetandikwa, baba, mama, watoto na wageni. Idd ikifika tunaukunja na kurudi mezani mpaka mwakani. Mwaka huu usiukunje. Uache pale sebuleni, hata kama ni mlo mmoja kwa siku, na wewe unayeona vigumu kushuka anza na mto chini yako, kisha uupunguze.

La usiku huu: wanaoelekea upande wa sokoni na wanaoelekea upande wa bandarini, tutakusanyika pale kwenye viatu baada ya witri tuondoke pamoja kwa miguu. Wenye magari, yaacheni yalale hapa, mlinzi yupo. Wazee ndio watakaokuwa mbele, na mwendo utakuwa wao.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.